Hita ya Pijo ya Mwalimu Osmund

Jumatatu, 7 Juni 1993

Baridi.

Nimekitoa hiki kitabu sandukuni leo. Ni logi buku ya gari, haijaandikwa hata ukurasa mmoja, niliondoka nayo siku tuliyopunguzwa kazi mwezi wa pili. Miaka ishirini na saba nimeandika kila siku nilikotoka, nilikokwenda na sababu ya safari. Sasa siendi popote, lakini mkono umeshazoea. Ida, mke wangu, ananicheka: "Dereva asiye na gari anaandika nini?" Nimemwambia aniache.

Safari ya leo: kutoka kitandani kwenda jikoni. Sababu: Mama Leticia kaja.

Huyu ni Theodosia, mjane wa Mwalimu Osmund. Mwalimu alikuwa mkaguzi wa shule, mimi dereva wake. Hapa Bombambili, Songea, tumetengana nyumba tatu tu. Kaja kajifunga vitenge viwili mabegani na kifua kinalia. Nikampa shikamoo, nikamsogezea kigoda karibu na moto.

"Makarius," akasema, "ile Pijo ya marehemu naitaka itembee."

"Mama, ile imelala miaka mitatu. Kuku wanataga humo."

"Kuku nitawahamisha. Tarehe kumi na tano mwezi wa nane Leticia anaweka nadhiri za daima za usista, Peramiho. Nataka nifike kwa gari ya baba yake."

Nikamwambia injini itawezekana, na tairi zitapatikana.

"Na hita," akasema.

"Hita, mama?"

"Ile ya kutoa joto. Bila hita sipandi."

Gari ya mwaka sitini na saba! Mji huu watu wanaendesha bila breki, yeye anataka hita. Nilitaka kumwambia nimechoka, mgongo unauma, nimeachishwa kazi ya kulala chini ya magari na namshukuru Mungu. Lakini kwa Mwalimu sikuweza kukataa. Nimesema ndiyo.

Jumanne, 8 Juni

Tumeisukuma gari watu sita hadi uani kwangu. Siti ya nyuma mayai kumi na moja. Mama Leticia aliyachukua, hakugusa hata mlango. Alinyoosha mkono dirishani mayai akapewa.

Ijumaa, 11 Juni

Imewaka mara ya tatu! Yule bwana alikuwa mtunzaji. Alibadilisha oili, akachomoa betri, akaifunika turubai, na mwezi uliofuata akafa. Kama alijua vile. Nimesimama pale injini ikinguruma, machozi yakanitoka kama mjinga. Nimeusingizia moshi.

Jumatano, 16 Juni

Baridi. Ida anauliza mahindi ya shamba letu la Mpitimbi yatavunwa na nani. Nimesema kesho.

Jumamosi, 19 Juni

Nimefungua dashibodi yote kuifikia hita. Kwa asiyejua: hita ya gari ni rejeta ndogo, kama kitabu cha sala kwa ukubwa, imefichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini yanapita humo kwa mipira miwili, feni inapuliza, joto linawajia abiria miguuni. Basi. Si uchawi. Lakini ukiwa na miaka hamsini na sita, kulala chali kichwa kikiwa kwenye pedali za breki ni adhabu ya toharani.

Mipira imeoza. Mota ya feni imeliwa na kutu, na panya walijenga humo. Koki ya kufungulia maji imeganda. Kirejeta chenyewe kwa nje kizima.

Jumanne, 22 Juni

Baridi ya kukata masikio. Nimemimina maji ya moto kwenye kirejeta upande mmoja, upande wa pili halikutoka hata tone. Nimepuliza kwa mdomo hadi nikaona nyota. Kimeziba kabisa. Nadhani kutu.

Nimekwenda kwa Alfani. Huyu ni mtani wangu, Myao wa Tunduru, ana kibanda cha spea za mitumba nyuma ya soko na kila mwezi anakwenda Dar kufuata mzigo.

"Assalaam aleikum, Mngoni! Hita? Washeni moto wa kuni mle ndani, si ndivyo mlivyozoea?"

"Nyie mmezoea joto la korosho, mtajua nini?"

Tukacheka. Kisha akasema kweli: spea za Pijo ile hakuna Dar yote, watu wanauza kama chuma chakavu, sasa ni Korola tupu. Ataniangalizia hita ya Korola. Zamani tulikuwa tunaambiwa hakuna kitu. Siku hizi soko huria, kila kitu kipo, isipokuwa unachokitafuta wewe.

Jumapili, 27 Juni

Leo nitaandika zaidi, maana nimesikia jambo.

Baada ya Misa Mama Leticia alipita kuiangalia kazi. Akasimama mbali na gari, kama anavyosimama siku zote. Nikamtania: "Mama, mbona unaiogopa? Haiumi." Hakucheka. Akakaa kwenye tofali, akaniambia.

Alisema: "Unamkumbuka Aidan?"

Namkumbuka. Alikuwa mtoto wao wa mwisho, alikufa ana miezi minane, Julai sabini na sita. Nilichimba kaburi lake Mpitimbi pamoja na vijana wa ukoo.

"Tulikuwa tumekwenda Njombe kwa dada yangu," akasema. "Mtoto akaanza homa. Tukarudi alfajiri, Mwalimu anaendesha mwenyewe. Pale Lukumburu baridi ikatushika, unaijua baridi ya pale. Nikamwambia, baba, fungua hita. Akavuta kile kishikio, ikaja hewa baridi tu. Nikamwambia fungua vizuri. Akasema, haitoi joto, mama. Nikasema mwaka jana ilitoa, nimeiona kwa macho yangu. Akasema, hata mimi nashangaa."

Alisonya.

"Anashangaa! Mtu aliyekuwa anatupimia sukari kijiko kimoja. Mtu aliyekuwa anazima injini kwenye mteremko kuokoa petroli. Nilijua amefunga mabomba ya hita, akidhani inakula petroli. Nikamfunika mwanangu kwa kanga yangu na koti langu, mimi nikabaki na gauni. Siku ya tatu akafa. Nimonia. Nikamwambia Osmund mbele ya watu, mbele ya mama yake: umemuua mwanangu kwa ubahili wako. Na gari ile sikuipanda tena, Makarius. Miaka kumi na minne aliyoishi nilikwenda sokoni kwa miguu, kanisani kwa miguu, yeye ananipita barabarani anapunguza mwendo, mimi naangalia pembeni."

"Na yeye alisemaje?"

"Hakusema kitu. Angesema nini?"

Nikamuuliza sasa kwa nini anaitaka. Akasema Leticia ameandika barua, ameomba baba yake naye awepo kwa namna yoyote siku ile, na gari ndiyo iliyobaki. "Lakini sitakaa mle ndani nikiwa na baridi mara ya pili."

Ameondoka. Mimi nimekaa nikiiangalia ile Pijo kwa jicho jingine. Kumbe Mwalimu! Mtu niliyemheshimu namna ile. Kwa kuogopa lita mbili za petroli! Nimemwambia Ida, naye akasema wanaume wenye kalamu ndivyo walivyo. Nimekasirika mpaka chakula hakikushuka.

Jumanne, 29 Juni

Baridi. Sina hamu ya kazi.

Jumamosi, 3 Julai

Shambani Mpitimbi, kuvuna. Malori ya wanunuzi yamejaa njiani, yanachukua mahindi hata hayajakauka. Mgongo umekufa. Nimepita karibu na kaburi la Mwalimu na sikusimama. Nilikuwa bado na hasira naye.

Jumanne, 6 Julai

Alfani karudi. Kaleta mota ya feni ya Korola, hii itafaa nikiikatia bati la kuishikia. Kirejeta alicholeta hakiingii hata ukikipiga nyundo: kipana na matundu yake yako upande mwingine.

"Mngoni, kichane hicho cha zamani," akasema. "Toa risasi ya kulehemia, fungua vifuniko, safisha, lehemu tena. Inshallah kitapona. Si kazi ya siku moja, lakini wewe una kazi gani nyingine?"

Nimemtukana kidogo, kiutani. Lakini kasema kweli.

Jumamosi, 10 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikibana kirejeta, nikapasha risasi kwa moto, nikabandua kifuniko cha juu. Nilitegemea kutu, tope jekundu, kama rejeta zote. Haikuwa kutu. Ilikuwa kitu cheupe kinachoelekea njano, kigumu kama chaki, kimejaa kwenye kila mrija. Nimekikwangua kwa bisibisi kikatoka vipande. Nimenusa. Nimeweka ulimini.

Unga. Unga wa mahindi uliopikwa ukakauka.

Nikaketi chini palepale uani. Ida akatoka na ungo, akauliza kama naumwa. Nikasema kizunguzungu.

Sikuwa na kizunguzungu. Nilikuwa nimekumbuka.

Juni sabini na sita, wiki tatu kabla ya safari ile ya mtoto, Mwalimu alinipa Pijo yake niende Njombe kumchukulia saruji, maana Songea saruji ilikuwa hakuna. Niliporudi, kabla ya Lukumburu, jiwe la barabarani likaruka likapiga rejeta kubwa. Maji yakaanza kuvuja. Nilikuwa nimekwenda mbio, nakiri, damu ilikuwa bado inachemka na gari ilikuwa nzuri. Nikasimama kwenye nyumba moja, nikaomba maji na bakuli la unga. Madereva wote tulifanya hivyo. Mwingine alitia yai, mwingine manjano, mimi dawa yangu ilikuwa unga: unaumimina kwenye rejeta, injini inaupika, uji unakwenda kuziba tundu. Na kwa kuwa injini ilishachemka, nikafungua hita mpaka mwisho, ili inisaidie kupunguza moto. Hiyo nayo kila dereva anaijua.

Kwa hiyo unga nao ukapita kwenye hita. Kwenye rejeta kubwa mirija ni mipana, ulizunguka ukaziba tundu tu. Kwenye hita mirija ni myembamba kama bua la ngano. Uliingia, ukaiva, ukakaa.

Ilinipasa kesho yake nimwage maji yote, nisuuze, nimwambie Mwalimu. Sikumwaga. Sikumwambia. Niliogopa ataniuliza nilikuwa nakimbilia wapi. Nilipeleka saruji, nikampa ufunguo, nikasema, "Gari salama, Mwalimu."

Na si hilo tu. Mwezi mmoja baada ya mazishi ya mtoto, Mwalimu alinijia karakana ya ofisi. Namwona hata sasa, kofia mkononi. Akasema, "Makarius, hebu itazame ile hita. Nataka kujua ina nini." Nikamjibu bila hata kuinua kichwa: "Hita hizi hazina spea, Mwalimu." Miaka ile jibu hilo lilimtosha kila mtu. Akasema haya, akaenda zake. Hakurudia tena.

Alitaka kujua. Alitaka kwenda kumwambia mkewe.

Mimi juzi nimekasirika naye mpaka nikashindwa kula!

Jumapili, 11 Julai

Baridi. Sikwenda kanisani.

Jumatano, 14 Julai

Nimechemsha magadi kwenye debe, nimekiloweka kirejeta. Unga unalainika taratibu. Nachokoa kila mrija kwa spoku ya baiskeli. Kuna mirija arobaini na miwili. Leo nimemaliza minne.

Mama Leticia kaniletea likolo, mboga yetu ya majani, na karanga. "Unajitesa kwa ajili yangu," akasema, "Mungu atakulipa." Nilishika bakuli nikaangalia chini.

Sijasema.

Jumapili, 18 Julai

Ida kanikamata. Kaja uani, kaokota kipande cha ule uchafu, kakivunja kwa kidole. Mwanamke aliyesaga mahindi maisha yake yote huwezi kumdanganya kuhusu unga.

"Huu umefikaje humu?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Akakaa juu ya boksi la spana, akauliza kama nimekwenda kumwambia Mama Leticia. Nikasema nimekwenda kuungama jana jioni, padre kanipa malipizi.

"Padre!" akasema Ida. "Padre ndiye aliyeitwa bahili mbele ya mama yake?"

"Ida, mtoto alikuwa na homa kabla hawajatoka Njombe. Hita isingemponya."

"Hilo najua, na hata Mama Leticia moyoni analijua. Mtoto kauawa na nimonia. Mimi sikuulizi habari za mtoto. Nakuuliza habari za Mwalimu. Miaka kumi na minne mtu analala nyumba moja na mkewe, hapewi hata habari za asubuhi. Nenda kamwambie."

"Kwanza nimalize hita. Nikimwambia sasa atakataa kupanda, nadhiri za Leticia zimpite."

"Sawa," akasema. "Lakini usijifiche nyuma ya hita."

Jumanne, 20 Julai

Mirija kumi na mmoja. Sijasema.

Jumamosi, 24 Julai

Baridi, ukungu mpaka saa nne. Mirija kumi na tisa. Mama Leticia kaja kukaa jua la uani kwangu, anafuma fulana ya sufu. Kikohozi kimemzidi. Ananihadithia Osmund alivyokuwa mgumu: chumvi, mafuta ya taa, viatu vya watoto. Kila neno ni kweli, mtu yule alikuwa na mkono mfupi. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kumdhania vibaya.

Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili nikauliza habari za kifua.

Ijumaa, 30 Julai

Arobaini na miwili! Maji yanapita. Nimesimama peke yangu nikiangalia maji yakitoka upande wa pili, safi, mpaka miguu ikalowa.

Fulana ile ya sufu, kumbe ananifumia mimi. Kaniletea leo. Nimeivaa, inawasha, na si kwa sababu ya sufu.

Jumatano, 4 Agosti

Nimelehemu kifuniko. Nimekizamisha kwenye karai, nikakipuliza kwa pampu ya baiskeli: kinavuja pembeni. Nimelehemu tena. Kinavuja pengine. Nimetupa spana mpaka kwa jirani. Nimekwenda kuiomba nikiwa nimefedheheka.

Ida anasema mahindi yaliyobaki shambani yamekwishaliwa na ngedere. Yaliwe tu.

Jumamosi, 7 Agosti

Hakivuji. Nimekirudisha, nimefunga mipira mipya aliyoleta Alfani, koki nimeisugua kwa mchanga, feni ya Korola inazunguka. Alfani alikuja kushuhudia. Tukawasha injini tukasubiri ipate moto, nikavuta kishikio.

Kwanza ilikuja harufu. Harufu ya uji ulioungua, ndani ya gari yote. Alfani akanusa: "Mngoni, unapika humu?" Kisha hewa ikaanza kuwa vuguvugu, halafu moto. Moto wa kweli! Alfani akaweka mikono yake pale chini, akafumba macho.

"Mashallah," akasema. "Mtani, hii sasa raha. Mbona hufurahi?"

Nikasema nimechoka. Na ni kweli, sijawahi kuchoka namna hii, hata miaka ile ya kwenda Dar siku tatu kwenye tope.

Alhamisi, 12 Agosti

Nilikwenda kwake nimwambie. Nilikuta wanawake wa jumuiya wanapika maandazi ya Peramiho. Nikarudi.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimeiosha gari. Baridi. Sijasema. Ida haniongeleshi.

Jumapili, 15 Agosti

Kutoka: Bombambili. Kwenda: Peramiho. Abiria: mmoja. Sababu ya safari nitaiandika mwisho.

Saa kumi na mbili asubuhi niliipeleka mlangoni kwake ikiwa imeshapata moto. Ida alikataa kuja. Alisema atafuata na basi dogo la wanajumuiya, gari ile leo ni ya watu wawili. Ukungu ulikuwa umefunga, huoni mti wa jirani. Mama Leticia alitoka na gauni jeupe na kitenge cha Bikira Maria. Alisimama mbele ya mlango wa mbele muda mrefu. Nikamfungulia. Akafanya ishara ya msalaba, akaingia, akakaa mahali pake pa zamani.

Tukatoka mjini. Nilikuwa nimefungua hita mpaka mwisho. Akavua viatu. Akasogeza miguu pale joto linapotokea, kisha akainama akaweka na mikono. Nikaona anatikisika. Nilidhani kikohozi. Alikuwa analia.

"Kumbe ni hivi tu," akasema. "Kumbe inawezekana. Wewe huna kazi, huna spea, mgongo mbovu, umeitengeneza miezi miwili. Yeye alishindwa nini miaka kumi na minne? Alishindwa nini, Makarius? Hata baada ya mtoto kufa hakuigusa. Leo nilisema nitamsamehe kwa ajili ya Leticia. Lakini nikihisi joto hili, siwezi. Siwezi."

Tulikuwa tunaikaribia Likuyufusi. Nikaiweka gari pembeni. Nikavuta breki ya mkono.

"Mama, hakufunga mabomba. Aliiziba mtu mwingine."

Akaniangalia.

"Niliiziba mimi. Kwa unga."

Nikamwambia yote: jiwe, bakuli, kufungua hita, "gari salama, Mwalimu." Na ile siku ya karakana pia sikuiacha. Nilimwambia alikuja kofia mkononi akaomba nitazame, nikamjibu haina spea bila kuinua kichwa.

Feni ilikuwa inavuma tu.

"Unga wa mahindi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kiasi gani?"

"Bakuli moja."

"Bakuli moja," akasema.

Alifungua mlango akashuka, pekupeku, kwenye umande. Akasimama kanipa mgongo. Sikuthubutu kushuka. Nilihesabu baiskeli tatu zilizopita na magunia ya mkaa. Aliporudi miguu yake ilikuwa na tope jekundu mpaka vifundoni. Akafunga mlango.

"Mpitimbi," akasema.

"Mama, Misa ni saa nne."

"Nimesema Mpitimbi."

Tukaiacha njia ya Peramiho. Kule tulikuta shemeji yake ndiyo kwanza anakoka moto. Mama Leticia aliingia ndani hata hodi hakumaliza, akatoka na bakuli la unga. Tukaenda makaburini, mimi nyuma yake. Kaburi la Mwalimu lina msalaba wa saruji. La mtoto, pembeni, lina mawe tu, lakini limefagiliwa.

Akanipa bakuli.

"Hapa kwetu, hata kabla ya misheni, mtu akimkosea marehemu anakuja na unga. Mwambie."

Nimekuwa Mkatoliki maisha yangu yote, mambo ya unga makaburini niliyaacha kwa bibi yangu. Lakini nilipiga magoti. Nikachota unga kwa vidole, nikaumimina taratibu kichwani mwa kaburi.

"Mwalimu," nikasema, "ni mimi Makarius. Hita ilizibwa na unga wangu. Sikukwambia. Uliniomba niitazame, sikuitazama. Hukuwa bahili siku ile. Nisamehe, mwalimu wangu."

Nikataka kuinuka.

"Na huyu mdogo," akasema Mama Leticia.

Sikutegemea hilo. Nilisogea kwa magoti hadi kwenye yale mawe. Nikamimina unga. Nilisema jina lake tu, Aidan, Aidan, kama mara tatu, nikalia kwa sauti, mtu mzima, na shemeji mtu anasikia.

Kisha akanipokonya bakuli. "Sasa niache mimi na mume wangu." Nikarudi kwenye gari. Nilimwona ameinama chini kabisa, paji la uso juu ya saruji, anasema Kingoni. Sikusikia maneno, na sikutaka kusikia. Alikaa pale mpaka ukungu ukaondoka.

Peramiho tulifika watu wanaingia. Leticia alipoiona Pijo aliacha mstari wa masista, akaja akaweka mikono miwili juu ya boneti, kana kwamba anamshika mtu mabega. Mama yake akamwambia kitu sikioni. Leticia akanitazama, akainamisha kichwa, akarudi kwenye mstari. Sijui aliambiwa nini.

Njia ya kurudi Mama Leticia alisema neno moja tu, tulipopita Likuyufusi: "Punguza hiyo hita, naungua."

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Nyumbani alishuka, akaufunga mlango polepole kwa mkono wake, akaingia ndani. Ida alikuwa ananisubiri na ugali. Aliniangalia magoti yenye udongo, akaniwekea maji ya kunawa.

Sababu ya safari: kumwambia Mwalimu gari yake ilikuwa na nini.

Jumatatu, 16 Agosti

Baridi imepungua kidogo. Nimelala mpaka saa tatu, kitu ambacho sijakifanya tangu niwe mtu mzima.

Mama Leticia katuma mjukuu wa jirani. Anasema redio ya gari ya Mwalimu nayo haisemi. Anasema, "Makarius aje aitazame."

Redio ile haina spea nchi hii yote, hata Alfani asinidanganye. Kazi haziishi kwa watu hawa.

Nimechukua bisibisi, nimekwenda saa ile ile.